Vigingi Juu ya Nyumba ya Scholastika

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefika Kihambwe saa tisa alasiri nimelowa mpaka soksi. Bodaboda alinishusha mtoni akasema yeye haendi mbele, pikipiki ni ya watu. Nikavuka daraja la miti kwa miguu, begi la kamera kichwani, nikapanda mlima kwa saa mbili na nusu huku nikimlaani Bwana Twalibu kwa kila hatua.

Huyu Twalibu ana kampuni ya utalii Dar. Anatoa kijitabu cha kumfundisha msafiri wa kawaida, mwenye simu tu au kamera ndogo, namna ya kupiga picha za nyumba za ibada, milima na maporomoko ya maji. Aliona picha zangu za harusi akanipigia: Hidaya, wewe si mtoto wa Morogoro? Panda Uluguru, tafuta kanisa la zamani, kaa siku nne, niletee picha na dondoo. Sawa. Mwanangu Yasmin nimemwachia mama kule Mwembesongo, studio nimeifunga, nimekuja. Siku nne.

Nimepangiwa kwa Agustino, mkulima wa kabichi na karoti, na mkewe Scholastika. Nyumba yao iko chini kabisa ya mteremko mkali, nusu saa kutoka misheni. Watoto wao wawili, Jastin na Joyce, wanasoma Gairo kwa ndugu yake Agustino, wanakuja Krismasi tu. Scholastika amenionyesha sufuria mpya yenye karatasi bado. Amesema zile za zamani zimeshapikiwa kitimoto, hii ni yangu mimi. Magimbi yake ni matamu sana.

Jumanne, 8 Aprili

Kanisani asubuhi. Limejengwa kwa mawe, ndani kuna giza na harufu ya mishumaa. Dondoo ya kwanza kwa kijitabu: usiingie nyumba ya ibada na kamera mkononi. Ingia, keti, subiri. Muulize anayefagia jua huingilia dirisha gani na saa ngapi, maana yeye anajua kuliko kitabu chochote. Nilimwuliza mama aliyekuwa anafagia, akanijibu jua lenyewe hajaliona tangu wiki iliyopita.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Daraja limekwenda. Mto umelibeba alfajiri, na barabara upande wa pili imekatika mahali pawili. Iko njia nyingine, ya juu, ya kupitia msituni, lakini vijana watatu waliojaribu wamerudi saa nane wamejaa tope hadi nywele, wanasema udongo umeifunga. Nikauliza, sasa? Agustino akasema mvua ikipungua mto utashuka. Ikipungua lini? Akanitazama kama niliyeuliza kitu cha kitoto.

Mtandao unapatikana mahali pamoja tu, chini ya kengele ya kanisa. Nimesimama pale na mwavuli nikaongea na mama. Yasmin anauliza zawadi yangu ya mlimani ni nini. Nimekata simu nikalia kidogo.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya nne imepita, na mimi si mtu wa kukaa bure. Nimeamua nikishafungiwa humu nitafanya kazi ya maana: kila siku saa moja asubuhi, nasimama uani kwa Scholastika kwenye jiwe lile lile, stendi ya kamera kwenye alama zile zile, napiga picha moja ya mteremko ulio juu ya nyumba. Dondoo: mandhari haikimbii, wewe ndiye unayekimbia. Rudi mahali pamoja uone kinachobadilika.

Tatizo, mteremko ule hauna kitu. Shamba tupu la maharage yaliyovunwa, hakuna mti hata mmoja, jicho halina pa kushika. Agustino alikuwa bondeni. Nikachukua panga, nikakata matawi kumi na mawili kwenye ua wa mbono wa misheni, nikapanda nikayachomeka kukatiza mteremko, kutoka kwenye mwamba hadi kwenye migomba, kwa kamba kabisa, mstari umenyooka kama rula. Picha imependeza mno. Ukungu unapita juu ya vigingi, jicho linaufuata mstari mpaka mwisho.

Agustino alirudi akavitazama. Akaniambia kwa upole nikishamaliza picha zangu niving'oe. Nimesema kesho.

Jumapili, 13 Aprili

Picha. Mvua. Magimbi.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nimemjua Mzee Lukasi. Ni mjomba wa Scholastika, kaka wa marehemu mama yake, na huku mjomba ndiye kila kitu. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Yeye ndiye anayeishika kwa ajili ya dada zake na watoto wao. Nyumba hii, shamba lile, mpaka kaburi la mama lililo nyuma ya jiko, vyote viko mkononi mwake. Agustino analima tu kwa sababu ni mume. Nimempa shikamoo yake, akaipokea kwa kunyoosha shingo, akauliza baba yangu ni nani, nikasema Pazi.

Alitaka kujua kamera inafanya nini. Na mimi, mdomo wangu huu, nikapata hadhira. Nikamwonyesha picha ya maporomoko ambayo maji yamekuwa kama maziwa, nikamwambia nimeacha kamera ifumbue jicho sekunde mbili. Nikamwonyesha kanisa limeegemea kilele cha mlima kana kwamba vimejengwa pamoja, nikamweleza kuwa ni lenzi ndefu, inavuta kilicho mbali. Akashangaa, akauliza kwa hiyo picha inaweza kusema uongo na mtu akaamini. Nikacheka nikasema Mzee, ndiyo kazi yetu hiyo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Watu wote wako kanisani kasoro mimi. Nimeswali peke yangu chumbani, nimefua, mvua imefua tena.

Jioni Scholastika amekaa na mimi jikoni, akauliza maswali yake. Kila siku ananihoji kuhusu Mwembesongo. Nyumba yetu ina vyumba vingapi, mpangaji akikohoa chumba cha pili unasikia, kelele hazikuumizi kichwa? Leo akauliza, mtu akiichoka nyumba anahama tu? Nikasema anahama tu, anatafuta gari la mizigo. Akauliza tena, "Hakuna wa kumwomba ruhusa?"

Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa akageuza kuni. Namwonea huruma, maskini, hawezi hata kuwaza kuishi nje ya hapa. Agustino aliniambia ndugu yake wa Gairo amewaita mara tatu, ana biashara ya karanga inamzidi, na watoto wako kule kule. Scholastika hujibu jibu moja: nani atawasha moto kwa mama? Yeye ndiye binti pekee aliyebaki. Akiondoka, shamba linarudi kwa mjomba apewe mwingine, na watu watasema amelitupa kaburi la mama yake. Mwenyewe anasema hivyo kwa utulivu kabisa. Nadhani amezaliwa hivyo, wengine wameumbwa kukaa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimepiga picha hamsini kanisani. Dondoo: piga picha nyuso za wanaoimba, usipige paa. Wamenilisha kuku wawili.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua kuanzia saa kumi alfajiri. Twalibu amenitumia ujumbe eti nikitoka nipitie maporomoko mengine njiani. Njia ipi?

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeharibu.

Vigingi vyangu vimechipua. Kesho yangu ile ilikuwa kesho ya siku kumi na mbili, na mbono kwa mvua hii hauulizi. Vyote kumi na viwili vina majani mabichi, vinapendeza, nilikuwa najipongeza kwa picha. Saa nne Mzee Lukasi akaja. Hakuingia ndani. Alisimama uani akaangalia juu, kisha akamwita Agustino kwa jina lake kavu kavu, bila baba Jastin wala nini.

Agustino amenieleza baadaye, na kila neno lilinichoma kwa sababu bibi yangu alikuwa Mluguru wa Mkuyuni na haya nilipaswa kuyanyonya. Kwenye ardhi ya ukoo wa mkeo unalima maharage, mahindi, kabichi, kitu cha kuvuna kikaisha. Hupandi mti. Mti unakaa kuliko mtu, na aliyepanda mti kesho atasema shamba ni langu, ushahidi ule pale. Ndiyo maana mteremko mzima ni mtupu. Na mbono ndio mbaya kuliko yote, maana ndio unaopandwa mipakani. Mimi nimemchorea Agustino mpaka katikati ya shamba la ukoo wa mkewe, tena kwa kamba.

Nilitoka nikamwambia Mzee kuwa ni mimi, nilikuwa nataka picha. Akasema mgeni hawezi kushika panga kwenye shamba la mtu bila mwenye nyumba kumtuma. Akaondoka. Nikataka nipande niving'oe saa ile ile, Agustino akanizuia: sasa vimeshaonwa, vitang'olewa na ukoo mbele ya watu, nikiving'oa mimi itaonekana anaficha. Jioni Scholastika hakukaa na mimi jikoni.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakuna anayeongea humu ndani. Mvua ndiyo inaongea.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekosa kazi, nimekaa kitandani napitia picha za saa moja asubuhi, kumi na sita, moja baada ya nyingine kwa kidole. Ukipeleka haraka zinakuwa kama sinema. Nilikuwa naangalia ukungu. Halafu nikaona vigingi vinatembea.

Nimerudia mara ishirini. Ya kwanza, mstari umenyooka. Tarehe ishirini, kigingi cha sita na cha saba vimeshuka kidogo. Leo asubuhi mstari umelegea katikati kama kamba ya nguo mbichi. Mwamba haujasogea, migomba haijasogea, stendi iko kwenye alama zake. Tumbo la mteremko linashuka, na chini yake ndipo nilipokaa naandika haya.

Jumatatu, 28 Aprili

Sijalala vizuri. Nimewaonyesha Agustino na Scholastika kabla ya chai. Agustino ameelewa mara moja. Akasema tuhamie misheni leo. Scholastika akaangalia picha kwa muda mrefu sana, akarudisha kamera, akasema mjomba akisema, tutatoka. Nikamwambia Scholastika, mlima hausubiri mjomba. Akasema akitoka bila neno la mjomba, shamba limekwisha na yeye amekwisha, ataitwa aliyemkimbia mama.

Basi nikaenda kwa Mzee Lukasi, nikapiga magoti mlangoni, nikamwomba radhi kwa ajili ya mbono, nikamwonyesha. Alitazama zote kumi na saba, pamoja na ile ya leo. Kisha akasema:

"Binti Pazi, wewe mwenyewe ulikaa pale ukanifundisha kwamba hicho kidude kinavuta kilicho mbali na kinageuza maji kuwa maziwa. Sasa kinashindwaje kupinda vijiti?"

Nikaapa. Akasema anaelewa kwamba Agustino ana akili, anataka mke ahamie Gairo na sasa amepata mtu wa kumtengenezea picha. Nilirudi nikitukana mvua, nikijitukana mimi. Ningekuwa na mdomo mfupi tungekuwa misheni saa hizi.

Jumanne, 29 Aprili

Nimepiga picha. Kigingi cha saba kimeshuka tena.

Jumatano, 30 Aprili

Ningeweza kuhamia misheni peke yangu. Katekista wa misheni amesema ukumbi wao upo. Nimekunja nguo mara mbili na kukunjua mara mbili. Sufuria ile mpya iko pale jikoni inaniangalia. Siwezi.

Alhamisi, 1 Mei

Ukoo umekuja kung'oa. Mzee Lukasi na wanaume wanne, kila mmoja na panga, Agustino nyuma yao kama mshtakiwa. Nilipanda nao, hakuna aliyenikataza.

Mzee alikwenda kwenye mwamba, kwenye kigingi cha kwanza, akachuchumaa. Maisha yake yote ni mipaka. Watu wanamwita mpaka Ngerengere kuamua mashamba. Alifumba jicho moja akatazama mstari mzima. Kisha akauliza nani amevihamisha vya katikati. Agustino akaapa kwa Mungu na kwa mama yake. Mimi nikaapa. Mzee akasema mstari wa kamba haupindi bila mkono, akaenda kwenye kigingi cha saba, akapiga hatua kutoka mahali kilipostahili kuwa mpaka kilipo: nne na ushee. Akachimba kwa vidole kuzunguka shina, taratibu, akitafuta udongo uliofumuliwa.

Hakuukuta. Alikuta mizizi, myeupe, mirefu kama kidole, imeshika udongo kila upande, na nyasi zimeota juu yake bila kuguswa. Alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya Pasaka.

"Huu mbono haujahamishwa," akasema. "Lililohama ni shamba."

Aliinuka akapanda juu zaidi, sisi nyuma yake, mpaka karibu na msitu, na pale tukaona ufa umekata mteremko toka upande hadi upande. Aliingiza mkono mpaka begani. Aliporudi chini alisimama mlangoni, akamwambia Scholastika atoe vitu leo, ni yeye mjomba wake anayesema. Scholastika akaitikia ndiyo, mjomba. Kufikia saa kumi tumehamisha godoro, mbuzi wanne, madebe ya mahindi na sanamu ya Bikira Maria. Vigingi vimebaki, hakuna aliyekumbuka kuving'oa.

Ijumaa, 2 Mei

Ukumbi wa misheni. Mlima umesimama.

Jumamosi, 3 Mei

Mlima umesimama. Mvua imepungua, na mdomo wa watu umeongezeka. Mama mmoja kisimani ameuliza kwa sauti tusikie kama mpiga picha ndiye nabii mpya wa Kihambwe.

Jumapili, 4 Mei

Jua! Mzee Lukasi baada ya misa ameulizwa na wenzake kama amehamishwa na kamera. Hakunisalimia. Scholastika anakaa mlangoni mwa ukumbi, akiangalia upande wa kwao siku nzima, mikono mapajani. Nikimwangalia nasikia aibu. Nimemtoa mwanamke kwenye moto wa mama yake kwa ajili ya ufa.

Jumatatu, 5 Mei

Mzee amesema Alhamisi, kama mlima bado umesimama, warudi. Agustino amebisha, amenyamazishwa. Mvua imeanza tena mchana.

Jumanne, 6 Mei

Naandika hili na sitamsomea mtu. Leo baada ya adhuhuri nimebaki kwenye mkeka, nimeomba mlima uanguke. Nimeomba kwa maneno kabisa, uanguke kabla ya Alhamisi, wakati hakuna mtu. Sijui niliomba kwa ajili ya Scholastika au kwa ajili ya kutochekwa. Mtu mzima, mama wa mtoto, naomba nyumba ya mwenzangu ibomoke. Astaghfirullah.

Jumatano, 7 Mei

Saa nne asubuhi. Tulikuwa tunachambua maharage. Ardhi ilinguruma chini ya makalio yetu kabla ya masikio kusikia, kisha sauti ikaja, ndefu, ya mawe na maji, na mbwa wote wakanyamaza. Tulikimbia mpaka kwenye kona ya makaburi ya misheni, panapoonekana. Mteremko haupo. Kuna jeraha jekundu toka msituni mpaka mtoni, na mahali pa nyumba, jiko, kaburi la mama, jiwe langu la stendi, ni tope tupu linaloendelea kusogea polepole.

Mzee Lukasi alivua kofia. Wanawake walianza kulia. Agustino alimshika mkewe akidhani ataanguka, lakini hakuanguka. Sikupiga picha.

Alhamisi, 8 Mei

Watu wanakuja kutoa pole, wamekaa ukumbini kama msibani. Walionicheka wananiletea ndizi. Mzee Lukasi aliniita mwanangu.

Jumamosi, 10 Mei

Mto umeshuka. Vijana wamelaza magogo mawili, kesho asubuhi naondoka. Nimempigia mama, nimeongea na Yasmin, nimeambiwa nimekonda hata kwa sauti. Twalibu anauliza kama nina picha ya maporomoko ya ardhi yenyewe, itauza. Nimezima simu.

Mzee ametamka mbele ya ukoo kwamba shamba halipo tena, hakuna cha kumpa mtu wala cha kumnyang'anya, na Scholastika aende na mumewe Gairo bila lawama. Nilidhani nitamsikia akilia. Nilimfuata nyuma ya ukumbi alikokuwa anasugua ile sufuria yangu kwa mchanga, na kwa kuwa sitamwona tena karibuni, nikashindwa kuondoka na lile jambo moyoni. Nikamwambia Jumanne niliomba. Nikamwambia niliomba mlima uanguke juu ya nyumba yake, na kaburi la mama yake, anisamehe.

Hakuacha kusugua. Aliangalia kwanza kama mjomba yuko karibu.

"Hata mimi, dada Hidaya," akasema. "Wewe umeomba siku moja. Mimi nimeomba miaka kumi na mmoja."

Kisha akaniuliza gari la mizigo la kwenda Gairo linapatikana wapi.